Jina la Kale juu ya Kitu Kipya

Mtu atokaye Isiolo kwa barabara iendayo Garba Tula na Modogashe hupita mahali paitwapo Kulamawe. Akiwa mgeni ajuaye Kiswahili, hutabasamu kabla hajashuka garini, kwani jina limekwisha kumwambia habari yote: hapa hapana chakula, hapa watu hula mawe. Ardhi ni kame, hilo ni kweli, na mawe yapo. Lakini akikaa siku mbili ataona ngamia, ng'ombe na mbuzi wakipelekwa majini. Atakaribishwa chai ya maziwa. Na yamkini ataambiwa ya kwamba maziwa ya ngamia ya nchi ile ya Isiolo husafiri hata Eastleigh, Nairobi, wakayanunua watu wa mjini kwa hamu. Jina lilitoa hukumu kabla ya macho kutoa ushahidi.

Msomaji wangu, si jina baya tu liwezalo kupotosha hukumu. Jina zuri hupotosha pia, tena kwa njia iliyo ngumu zaidi kutambulika. Katika shule nyingi yuko mwanafunzi ambaye kaka yake alipita darasani humo miaka michache kabla yake, akaacha sifa kubwa ya hesabu na ya mbio. Mdogo mtu afikapo siku ya kwanza, mwalimu humwuliza, "Je, wewe ni mdogo wake fulani?" Akiitikia, basi tangu siku ile alama zake hazipimwi kwa alama za wenzake walioketi karibu naye, bali kwa alama za mtu asiyekuwapo. Akipata 60 kati ya 100, jirani yake aliyepata 60 hupongezwa, naye huulizwa amepatwa na nini.

Swali letu basi ni hili. Kitu kipya kilichopewa jina la kitu cha kale kilichopendwa, kihukumiwe kwa hali yake chenyewe, au kwa kadiri kinavyofanana na kile kilichotangulia? Nimependa kulichunguza swali hili kwa mfano wa mchezo. Wako watu wazima watakaokunja uso na kusema ya kuwa michezo si jambo la kuandikiwa insha. Mimi naona kinyume chake. Katika michezo watu huonyesha mapenzi yao pasipo kujificha, na hasira zao vivyo hivyo. Na mtu atakaye kujua jinsi wanadamu wanavyohukumu hana budi kuwatazama wanapokuwa wamependa sana na wameudhika sana.

Mwaka 1997 ulitokea Marekani mchezo wa kompyuta ulioitwa Fallout. Kisa chake ni nchi ya Marekani iliyoteketezwa na mabomu ya nyuklia. Miji imekuwa magofu, maji yametiwa sumu, na watu waliojificha katika mahandaki hutoka nje kutafuta maisha mapya. Mchezaji alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, lakini ndani ya mchezo alikutana na watu wa kubuniwa, wema na waovu, wenye shida na hila zao. Kila jibu alilochagua kuwapa lilikuwa na matokeo. Aliweza kukiokoa kijiji au kukiangamiza. Kusema kweli akapata hasara, au kusema uongo akapata faida, kisha akaishi katika dunia iliyokumbuka alivyotenda. Hapo ndipo mapenzi ya watu yalipoanzia. Michezo mingine ya jina hilo ikafuata, mmoja mwaka 1998, mwingine mwaka 2008, na mingine tena miaka ya 2010 na 2015. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mchezo wa kwanza ulipotoka alikuwa mtu mzima wa miaka 33 ulipotoka ule wa 2015, pengine mwenye watoto. Utaona basi ya kwamba kwa watu wengi jina Fallout halikuwa jina la bidhaa tu. Lilikuwa kipande cha ujana wao.

Tarehe 14 Novemba 2018 kampuni ya Bethesda ilitoa Fallout 76. Nambari hiyo si ya mfuatano, kwani hapakuwa na michezo sabini na mitano kabla yake. Ni nambari ya handaki moja katika hadithi. Mchezo huu ulikuwa tofauti na ndugu zake wakubwa. Haukuchezwa na mtu mmoja aliye peke yake. Watu wapatao 24, kila mmoja nyumbani kwake, katika mji wake au hata nchi yake, waliingia kwa njia ya intaneti katika nchi moja ya kubuniwa, nayo ni milima na misitu ya West Virginia. Tena watengenezaji waliamua jambo la ajabu: waliwaondoa wanadamu wote wa kubuniwa. Kila mwanadamu mchezaji aliyemwona akitembea mbele yake alikuwa mtu wa kweli mwenye kompyuta yake. Wakazi wa hadithi walikuwa wamekwisha kufa au kuhama. Walibaki roboti, barua, na kanda za sauti zenye maneno yao ya mwisho. Kadhalika wachezaji walipewa uwezo wa kurusha kombora la nyuklia juu ya sehemu ya nchi ile, maadamu waliweza kupata siri zake.

Hukumu zilizotolewa zilikuwa kali, ila hazikuwa za namna moja. Wahakiki wengi waliupa mchezo alama zilizozunguka 50 kati ya 100, ilhali wakubwa wake walikuwa wamezoea kupata zaidi ya 80. Hata hivyo wengi waliolaumu waliisifu nchi yenyewe, uzuri wa misitu yake na ukubwa wake, na wako waliosema ya kwamba kuizunguka pamoja na rafiki ni furaha. Wengine waliona ukimya wa kaburini. Mtu mmoja husikiliza sauti ya marehemu katika kanda akaingiwa na huzuni tamu, mwingine husikiliza kanda ile ile akauliza, "Sasa nizungumze na nani?" Wote wawili walikuwa mbele ya kitu kimoja.

Tukizipekua lawama zile twaona kwamba zilichanganywa kama nafaka za aina mbalimbali katika gunia moja, na hakimu mwema hana budi kuzipepeta kabla hajapima. Iko lawama ya kazi mbovu: mchezo ulitoka na hitilafu nyingi, ukakwama na kuzimika mikononi mwa watu waliolipa dola 60. Lawama hii ni ya haki, wala haitegemei jina. Fundi akikuuzia kiti chenye mguu uliolegea, hukuulizi kama ulimjua baba yake. Iko pia lawama ya ahadi iliyovunjwa. Kampuni iliuza toleo la fahari kwa dola 200, ikatangaza ya kuwa ndani yake mna mfuko wa turubai. Wanunuzi wakafungua sanduku wakakuta mfuko wa nailoni. Walipolalamika walipewa kwanza fidia ya sarafu za kubuniwa za ndani ya mchezo, zenye thamani ya dola 5 hivi, na makelele yalipozidi ndipo kampuni ilipokubali kuwapelekea mifuko ya turubai. Habari ya mfuko ni ndogo ukiipima kwa bei ya kitambaa. Ni kubwa ukiipima kwa neno lililotolewa. Sioni haja ya kuikawilisha: muuzaji aliahidi kitu akatoa kingine.

Lawama iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watu wengi walisema, "Huu si Fallout." Hawakusema ya kwamba umevunjika wala ya kwamba wamepunjwa, walisema ya kwamba haufanani na ule walioupenda. Je, lawama hii ina haki?

Wako wanaojibu mara moja ya kuwa haina. Husema kila kitu kihukumiwe kwa nafsi yake. Mtoto si baba yake. Dunia isiyoruhusu mabadiliko ni dunia mfu. Maneno haya ni mazuri kuyasikia, na kwa yule mwanafunzi mwenye kaka mashuhuri ni kweli tupu. Lakini yafikiri kwa makini, utaona kuwa hayawezi kuhamishwa vivi hivi kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa bidhaa. Mwanafunzi hakuchagua ukoo wake. Hakutembea mjini akitangaza, "Nipendeni, kwani mimi ni mdogo wake fulani." Jina lilimkuta duniani kama vile jina la Kulamawe linavyowakuta watoto wanaozaliwa pale, nao hawakuulizwa. Kampuni ilichagua. Ingeweza kuuita mchezo wake kwa jina jipya, ukasimama sokoni kama mgeni asiyejulikana, ukapata wanunuzi kwa uzuri wake peke yake. Haikufanya hivyo, na sababu si ya kufichika: jina lile lilikuwa na akiba ya imani iliyokusanywa tangu 1997, na aliyelivaa alikuja kuchota katika akiba hiyo. Mtu achotaye akiba ya imani hawezi kulalamika akiulizwa na wenye imani ameifanyia nini.

Kwa hiyo naamini ya kuwa wapenzi wa kale walikuwa na dai la kweli. Lakini dai hilo lina mpaka, na wengi waliuvuka. Jina liliahidi nini hasa? Haliwezi kuwa liliahidi kurudia yale yale, kwa maana hata michezo iliyotangulia haikurudiana. Ule wa 2008 ulitofautiana sana na ule wa 1997 kwa sura na kwa namna ya kuchezwa, na siku zile pia wapenzi wa zamani walinung'unika. Nionavyo mimi, kilichoahidiwa na jina ni kile kilicholifanya lipendwe, nacho ni kukutana na mtu mwingine na kuwajibika kwa neno ulilompa. Katika mchezo wa 2018 watu wa kubuniwa waliondolewa ili nafasi yao ichukuliwe na watu wa kweli, lakini watu wa kweli 24 katika nchi kubwa hupita mbali mbali, na wakikutana hawana lazima ya kuambiana neno. Hapo ndipo upungufu ulipokuwa. Anayesema, "Hakuna wa kuzungumza naye," amegusa ahadi. Anayesema, "Si kama ule nilioucheza nikiwa kijana," ameomba kurudishiwa ujana wake, na hilo hakuna kampuni iwezayo kuliuza.

Tuna mfano wa karibu zaidi nyumbani. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikwenda kilomita elfu kadhaa katika barabara za kawaida, ndimo wapitamo watu na ng'ombe, katika vumbi na matope, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka. Wazee wengi wa Kenya bado hulitaja jina la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na la Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Baada ya mwaka 2002 mashindano haya yaliondoka katika orodha ya ubingwa wa dunia. Yaliporudi mwaka 2021, yalifanywa hasa Naivasha na pande zake, na sehemu za kushindania mbio zilikuwa kilomita 320 hivi, katika njia zilizofungwa kwa ajili ya mashindano. Vijana walijaa kwa maelfu wakashangilia. Miongoni mwa wazee wako waliotikisa kichwa wakasema, "Hii si Safari."

Waweza kusema ya kuwa wazee hawa ni sawa na wale wapenzi wa Fallout, lakini iko tofauti inayofaa kuangaliwa. Barabara za Kenya za leo zina watu na magari mengi mno, na kuyaachia magari ya mbio yapite kati yao usiku na mchana kungekuwa kuhatarisha roho za watu. Sheria za mashindano ya dunia nazo zimebadilika. Safari ya kale haikufichwa na mtu. Nchi iliyoibeba ndiyo iliyokwisha kubadilika. Palikuwa na hiari ya kuchagua mawili: irudi ikiwa imefupishwa, au isirudi kabisa. Mtu akilaumu ufupi wake bila kukumbuka hiari hizo, huhukumu kana kwamba liko jambo la tatu lililokataliwa kwa makusudi. Hivyo jina halina uzito mmoja kila mahali. Yuko alipewaye pasipo kuulizwa, yuko alirithiye pamoja na mzigo wa kulitunza, na yuko alivaaye kwa ajili ya soko. Nami sioni vipi watatu hao wapimwe katika mizani moja.

Turudi katika mchezo wetu, maana habari yake haikuishia 2018. Watengenezaji waliendelea kuurekebisha, na mwezi wa Aprili 2020 walitoa nyongeza kubwa iliyowarudisha wanadamu wa kubuniwa, wenye vijiji, shida na maneno yao. Kwa tendo hilo kampuni ilikiri, bila kutamka, ya kuwa lawama ile moja ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Aprili 2024 ilionyeshwa tamthilia ya televisheni yenye jina la Fallout, watu wengi wapya wakataka kucheza, na kampuni ilitangaza ya kwamba watu milioni moja waliingia katika Fallout 76 kwa siku moja. Lakini zile alama za mwaka 2018 zimebaki palepale zilipoandikwa. Mtu akiutafuta mchezo huu leo, huzikuta alama zile mlangoni zimesimama kama askari ambaye hakuambiwa kuwa vita vimekwisha.

Liko jambo jingine ambalo wahakiki wa siku za kwanza hawakuweza kuliona, kwa kuwa huhitaji muda. Ilidhaniwa ya kuwa watu wasiojuana, waliotiwa katika nchi isiyo na sheria na wakapewa silaha hata za nyuklia, watawindana. Waliokuwapo wa namna hiyo walikuwapo. Hata hivyo mchezo huu umejulikana zaidi kwa kinyume chake: wachezaji wakongwe huwangoja wageni karibu na mlango wa handaki wakawapa maji, dawa na nguo, kisha wakaenda zao bila kudai kitu. Msomaji wa Kulamawe hatastaajabu sana. Kisima cha jangwani ni mahali ambapo wenye kiu wengi hukutana na maji machache, na mgeni angetazamia ugomvi. Lakini Waborana wana desturi ya zamu ya kunywesha mifugo, na yuko msimamizi aitwaye abba herega wa kuiangalia zamu hiyo. Ukihukumu kisima kwa kuyapima maji tu, hutajua kwa nini watu hawapigani. Katika mchezo ule hapakuwa na abba herega. Wachezaji walijizulia adabu yao wenyewe, na nadhani walifanya hivyo hasa kwa sababu nchi ilikuwa tupu na palikuwa hapana mwingine wa kuwasaidia wageni. Ajabu iliyoje! Upungufu uliolaumiwa kwa haki ndio uliozaa wema ambao watu husifia.

Wako pia watu wasiotajwa katika magomvi haya, nao ni mafundi waliotengeneza. Habari zilizochapishwa mwaka 2022 zilieleza jinsi baadhi yao walivyofanyishwa kazi kwa saa nyingi kupita kiasi. Mnunuzi mwenye hasira huandika, "Hawa ni wavivu," naye hajui kwamba aliyekesha siku zile ni huyo huyo amwitaye mvivu, na ya kuwa aliyeamua tarehe ya kutoa mchezo huenda hakushika chombo cha kazi hata siku moja. Kosa la kitu si lazima liwe kosa la kila mkono uliokigusa.

Wewe msomaji pengine hujaucheza mchezo huu, na huenda usiucheze. Wahitaji kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyokatika, na vyote viwili ni adimu katika nchi kavu ya Isiolo. Lakini hukumu juu yake yaweza kukufikia upesi katika simu ndogo kuliko mchezo wenyewe uwezavyo kufika. Hali hii ni ngeni duniani: zamani habari ya kitu na kitu chenyewe vilisafiri kwa msafara mmoja, sasa hukumu hutangulia kwa siku nyingi, na watu huipokea, wakaipamba, wakaipeleka mbele kana kwamba wao ndio walioona. Ukimsikia mwenzako darasani akisema ya kuwa mchezo fulani, au kitabu, au timu, au shule "si kama zamani," mwulize kwa upole alikuwapo zamani gani.

Limebaki swali moja gumu. Mtu aliyenunua Fallout 76 mwaka 2018, akalipa fedha zake, akapata kitu kilichovunjika, je, ana wajibu wa kurudi mwaka huu autazame tena? Wenye kuupenda mchezo humwambia ya kuwa hana haki asiporudi. Mimi siafikiani nao. Alinunua kitu cha siku ile kwa fedha za siku ile, na ushahidi wake juu ya siku ile ni sahihi. Hadaiwi saa nyingine za maisha yake na mtu aliyemwuzia kibovu. Lakini akiulizwa leo na kijana anayetaka kuununua, na aseme mwaka alioucheza, aseme alichokiona mwaka huo, kisha amwache kijana aende akaangalie mwenyewe.